Kabichi Haisubiri Tawi Lifunguliwe

Wadau, leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe. Nivumilieni mpaka mwisho.

Masika ya mwaka jana, siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa dada yangu mkubwa. Dada hana kawaida ya kupiga simu alfajiri ila kukiwa na msiba, kwa hiyo nilikaa kwanza kitandani ndipo nikapokea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ile benki yako imekataa kutoa hela."

"Imekataa vipi?"

"Imekataa. Gari liko hapa Lukozi, kabichi zimeshakatwa, watu wamekaa juu ya magunia wananitazama usoni. Haya, wewe msomi, niambie nifanyeje."

Msomi hakuwa na jibu.

Kwa wasioijua Lukozi: ukifika Lushoto mjini usishuke, endelea kupanda. Huko juu ndiko liliko soko hilo la mboga, Usambara ya Magharibi, mahali ambapo watu huvaa makoti wakati ninyi wa Dar mnalala na feni. Kabichi, karoti, hoho na viazi mnavyokula mjini, vingi vimepita hapo au kwenye masoko mengine ya milima ileile. Gari likishapakia linateremka Lushoto, linapita Soni, linakata kona moja baada ya nyingine mpaka Mombo, ndipo linashika barabara kuu ya kwenda Korogwe, Segera, Chalinze na Dar es Salaam.

Biashara ya dada ni ndogo lakini ni biashara. Ananunua kwa wakulima wa Malindi, Manolo na Lukozi penyewe, anakodi Fuso, anapeleka kwa mnunuzi wake wa jumla Dar. Mnunuzi hutuma hela jioni. Asubuhi dada huwalipa wakulima, taslimu, mkononi, kabla gari halijafungwa turubai. Kati ya hela kuingia na hela kutoka kuna saa kama kumi na mbili, na nyingi kati ya hizo ni za usiku. Katika mzunguko huo hakuna nafasi ya kuambiwa "njoo Jumatatu".

Sasa sikilizeni kilichotokea. Ijumaa jioni mnunuzi alituma shilingi 4,800,000. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya dada, salio likaonekana. Kutoa ndiko kulikoshindikana. Alijaribu kwa wakala, ikagoma. Alijaribu kuhamishia kwenye simu, ikagoma. Nilipiga namba ya huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki muda mrefu, mwishowe kijana mmoja mwenye sauti nzuri akanieleza: nakala ya leseni ya biashara iliyopo kwenye faili imeisha muda wake, kwa hiyo akaunti imezuiwa kutoa fedha mpaka iletwe nakala mpya.

Leseni mpya dada alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye mkoba, kwenye mfuko wa nailoni isilowe mvua. Nikauliza, je, aipige picha aitume? Hapana. Aipeleke tawi lolote? Hapana, aipeleke kwenye tawi alilofungulia akaunti, na aende mwenyewe.

Tawi lenyewe liko wapi? Dar es Salaam. Na kwa nini mfanyabiashara wa kabichi wa Lukozi akaunti yake iko Dar es Salaam? Kwa sababu mimi ndiye niliyemshika mkono nikampeleka. Nilichagua tawi lililo karibu na ofisi yangu ili niwe nikimsaidia kufuatilia mambo.

Nilimsaidia kweli.

Asubuhi ile nilimtumia hela yote niliyokuwa nayo kwenye simu, shilingi 350,000, na nikamkopa mwenzangu wa chumba cha habari nyingine 200,000. Wakulima wanne walikubali kupokea kidogo na kudai kinachobaki. Watatu walikataa, na siwalaumu, maana kabichi ikishakatwa hairudi shambani. Mkulima anaitazama mvua, analitazama jua, anatazama majani ya juu yanavyoanza kulegea. Saa nne akatokea dalali mwingine mwenye noti mkononi, akazichukua kwa bei aliyoitaka yeye. Fuso la dada likaondoka nusu tupu kwa nauli ileile.

Wale watatu hawajarudi kumuuzia dada mpaka leo. Ilimchukua misimu minne kuwapata.

Jumatatu nilikwenda tawini peke yangu nikidhani uandishi wangu utasaidia. Haukusaidia. Jumanne dada alipanda basi, akaja akalala kwangu. Jumatano aliweka saini. Kazi ya dakika tano. Jioni, tukiwa tunakula, aliniambia bila kupandisha sauti: "Mdogo wangu, uliichagua benki ya kukufaa wewe. Ya kunifaa mimi hukuitafuta."

Nimekaa na maneno hayo mwaka mzima.

Sitaitaja benki yenyewe. Nikiitaja mtasema, "Aah, hao nao! Hamia kule kwingine," na mtakuwa mmekosa hoja yangu. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na naona wengi wenye digrii kama mimi wanalirudia kila siku. Ndugu aliyeko kijijini anapiga simu, anauliza, "Biashara imekua kidogo, niweke hela benki gani?" Nasi, badala ya kumuuliza anauza nini, saa ngapi, kwa nani, tunamjibu kwa haraka kwa kutaja benki tunayopokelea mshahara. Tunawachagulia watu benki kama mtu anayemnunulia mwenzake viatu kwa kujipima miguu yake mwenyewe.

Kwangu mimi kosa ni kubwa zaidi, maana kazi yangu ni kuandika habari za biashara. Nimehudhuria uzinduzi wa akaunti za wajasiriamali ambao siwezi kuuhesabu. Unafika hotelini, unakunywa chai, unakula sambusa, unasikiliza hotuba, unapewa taarifa iliyokwishachapwa na, tuseme ukweli, mara nyingine bahasha ya nauli. Kesho yake gazeti linasema benki fulani yaja na mkombozi wa wafanyabiashara wadogo. Katika shughuli zote hizo sijawahi kusimama nikauliza swali moja rahisi: huyu mfanyabiashara mdogo mnayemkomboa, hela yake ataitolea wapi saa kumi na moja alfajiri akiwa Lukozi?

Sikuuliza kwenye mkutano, na sikuuliza nilipokuwa namchagulia dada. Nilitazama mambo matatu tu. Jengo ni zuri. Programu yao ya simu inavutia. Na afisa mmoja aliyevaa tai aliniahidi kwamba baada ya miezi sita ya mzunguko mzuri, dada atakopeshwa.

Hilo la tatu ndilo lililonimaliza, na ndilo linalowamaliza wengi. Mkopo umekuwa chambo. Kila mtu anachagua benki kwa ajili ya mkopo atakaoupata kesho, wala hatazami huduma anayoihitaji leo. Ni sawa na kuoa ukoo kwa sababu wana shamba kubwa.

Haya, tuuchukue huo mkopo wenyewe tuuchambue. Tuseme dada anakopeshwa shilingi 6,000,000 kwa miezi 12, na afisa anasema riba ni asilimia 18. Huu ni mfano wangu tu, si bei ya benki yoyote. Ukiuliza ni asilimia 18 ya nini, wengi watakuona mkorofi. Lakini uliza. Ikiwa ni riba ya moja kwa moja, wanayoiita "flati", inapigwa juu ya milioni sita nzima mwaka mzima hata kama umeshalipa nusu. Riba inakuwa 1,080,000 na kila mwezi unalipa 590,000. Ikiwa ni riba ya salio linalopungua, kila mwezi unalipa kama 550,000 na riba yote inakuwa kama 601,000. Asilimia ni ileile 18, na tofauti ni karibu shilingi 480,000. Kwa dada hiyo ni nauli ya gari. Bado hujaweka ada ya kushughulikia mkopo, bima, na gharama za dhamana.

Halafu kuna jambo ambalo karatasi ya mkopo hailitaji kabisa. Kabichi hukaa shambani miezi kama mitatu ndipo ikatwe, lakini rejesho la kwanza mara nyingi linadaiwa mwezi unaofuata. Kwa nini? Kwa sababu mikopo mingi ya huku imeshonwa kwa kipimo cha mtu wa mshahara.

Kwa hilo inabidi turudi nyuma kidogo, maana hali hii haikuanguka kutoka mbinguni. Februari 1967, siku chache tu baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, benki binafsi zilitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ikazaliwa. Kwa miaka mingi wilayani benki ilimaanisha NBC, basi. Hukuchagua benki, ulikwenda benki. Mwaka 1991 ikapitishwa sheria iliyofungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, na moja ya vipande vyake ikawa NMB, ambayo ilirithi matawi mengi ya wilayani. Jina lake la Kiingereza lina neno la huduma ndogondogo za fedha ndani yake. CRDB nayo, ukizifungua zile herufi, asili yake ni benki ya ushirika na maendeleo vijijini, iliyobinafsishwa mwaka 1996. Yaani majina mawili makubwa ya benki nchini yalizaliwa yakimtaja mtu mdogo na kijiji.

Lakini nendeni mji wowote wa wilaya mwisho wa mwezi mkaangalie foleni. Walimu, manesi, watumishi wa halmashauri. Siwaonei wivu, ni haki yao. Ninachosema ni kwamba benki hupenda hela inayokuja tarehe inayojulikana. Mshahara unakatwa rejesho kabla haujamfikia mwenyewe, na mkopeshaji analala usingizi. Kabichi haina tarehe. Ina mvua, ina wadudu, ina barabara inayokatika na bei inayoanguka Dar kwa sababu magari kumi yameingia usiku mmoja. Benki ikiliona hilo inaita "hatari", inaongeza masharti na inadai hati ya nyumba.

Sisemi benki ni adui. Nasema benki inajua inachokitafuta kwako, na wewe unakwenda hujui unachokitafuta kwake. Katika soko la aina yoyote, anayeingia hajui anachokitaka ndiye anayeuziwa kilichooza.

Najua mtanipinga kwa hoja tatu. Nizijibu.

Ya kwanza: "Benki ya nini? M-Pesa inatosha." Hoja hii ina nguvu, na siidharau. Tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa hapa nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, mtu wa Lukozi anapokea hela bila kuona jengo la benki. Asubuhi ile ya balaa kilichomsaidia dada kilikuwa simu. Lakini akaunti ya simu ina kikomo cha kiasi unachoweza kuweka na kutuma kwa siku. Makato yake hupanda kadiri hela inavyokuwa kubwa. Hela ya biashara inachanganyika na hela ya sabuni na ya mchango wa harusi, na mwisho wa mwezi hujui ulipata faida au ulikula mtaji. Tena tukumbuke Julai 2021, serikali ilipoanzisha tozo za miamala ya simu. Watu waliamka wakakuta kutuma hela kumepanda bei ghafla, kelele zikapigwa, na mwezi Septemba mwaka uleule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Aliyekuwa na njia moja tu hakuwa na pa kukimbilia.

Ya pili: "Basi aende benki ndogo ya wananchi wenyewe, inayomjua." Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa mara moja kwa sababu ya mtaji mdogo, zikiwemo za wananchi wa Njombe na Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Mwenye fedha humo alikuwa na uhakika wa kulipwa na Bodi ya Bima ya Amana mpaka shilingi 1,500,000 tu, na kilichozidi hapo alikisubiri kwenye ufilisi. Baadaye kiwango hicho kilipandishwa mpaka shilingi 7,500,000, na hilo ni jema. Lakini jiulizeni, ni wangapi kati yenu mlikuwa mnalijua kabla ya leo? Kumjua meneja kwa jina ni jambo zuri. Kujua benki ina afya gani na hela yako inalindwa mpaka wapi ni jambo jingine.

Ya tatu: "SACCOS na VICOBA ndiyo mpango mzima." Mama yetu ni mwanachama wa kikoba na kimesomesha watoto, nikiwemo mimi. Kwa kukopa kidogo, kwa riba mnayokubaliana, kwa watu wanaojuana shida, sijaona kinachokipita. Lakini kikoba hakipokei milioni tano kutoka kwa mnunuzi wa Dar Ijumaa usiku na kuzitoa Jumamosi alfajiri. Kazi ni tofauti. Jembe ni zuri, lakini hukati nyama kwa jembe.

Kwa hiyo biashara ndogo inahitaji benki, naam. Inaichaguaje?

Nitawapa maswali ambayo ningemuuliza yule afisa mwenye tai kama ningekuwa na akili. Si mengi.

Swali la kwanza: hela yangu natoa wapi na saa ngapi, kiasi gani? Usikubali jibu la "tuna mawakala nchi nzima". Wakala mwenye kibanda Lukozi anaweza kuwa na bango kubwa na floti ya laki tatu. Siku ya gulio kila mtu anataka kutoa, hakuna anayeweka, na kufika saa tatu wakala anakwambia "mtandao unasumbua", ambayo tafsiri yake ni kwamba hela imemwishia. Nenda kwa huyo wakala siku ya gulio yenyewe, usiende Jumatano mchana wakati amelala.

Swali la pili: hela ikitumwa kutoka benki nyingine au mtandao mwingine, inaingia baada ya muda gani? Siku hizi Benki Kuu ina mfumo unaoitwa TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu na kupitisha malipo papo hapo. Kiasi kikubwa hupita kwenye mfumo wa zamani, TISS, ulioanza mwaka 2004. Mwulize afisa: hela ya mnunuzi wangu itapita wapi, mwisho ni shilingi ngapi, na ni nani anakatwa, mtumaji au mimi?

Swali la tatu, na hili naliandika kwa machungu: ni karatasi gani kati ya hizi ninazowapa zitaisha muda wake, na zikiisha mtafanya nini? Akaunti ya biashara inataka cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, namba ya mlipakodi kutoka TRA, leseni ya biashara na kitambulisho cha NIDA. Leseni inadumu mwaka mmoja. Ukiipata mpya, nakala yake unaipeleka wapi, na inapokelewa na tawi gani? Wataniarifu kabla ya kufunga mlango, au nitajua siku gari linapakia? Benki ina haki ya kudai karatasi, ni sheria. Mimi nina haki ya kujua tarehe.

Swali la nne: nionyeshe makato yote kwenye karatasi moja. Ya mwezi, ya kutoa kaunta, ya kutoa kwa wakala, ya ATM, ya kuhamisha, ya taarifa ya akaunti, ya ujumbe wa simu. Usione aibu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka uelezwe gharama na masharti kabla hujasaini. Chukua karatasi hiyo, kaa chini na miamala yako ya mwezi uliopita, uhesabu. Mtu anayetoa hela mara ishirini kwa mwezi na mtu anayetoa mara mbili hawawezi kufaidiwa na akaunti moja, hata kama tangazo lina picha ya mama aliyeshika kikapu cha nyanya.

Swali la tano: siku nikipata tatizo, nani ana uwezo wa kulitatua, na amekaa wapi? Kama jibu ni "makao makuu", jua kwamba tawi la wilayani kwako ni kaunta tu. Kama jibu ni jina la mtu aliyeko Lushoto mwenye mamlaka ya kubonyeza kitufe, hiyo ni mali kuliko riba nafuu. Na wakikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki. Andika. Mimi niliyesoma chuo kikuu sikuandika, nilinung'unika tu. Hilo nalo nalijutia.

Mkopo weka wa sita. Ukishapata benki inayoipitisha hela yako vizuri mwaka mzima, taarifa ya akaunti yako itakuombea mkopo yenyewe, popote.

Sasa niwaambie dada alifanya nini, maana yeye hakusoma maswali haya popote. Baada ya lile tukio alisema benki atachagua mwenyewe, nami nikae kimya. Alishuka Lushoto mjini, akaingia matawi yaliyopo moja baada ya jingine akiwa na buti za matope. Katika tawi moja mhudumu alimtazama miguuni kabla ya kumtazama usoni. Akatoka. Alipopata lililompendeza, hakupeleka biashara yote. Aliweka shilingi 50,000, akapanda nazo Lukozi, siku ya gulio akajaribu kutoa kwa wakala. Akamwambia mnunuzi amtumie 100,000 saa tatu usiku, akaangalia inaingia saa ngapi. Akafanya hivyo mara tatu. Ndipo akahama.

Nilimwuliza alijifunza wapi. Akanicheka.

"Karoti nanunuaje?"

Anachomoa moja kwenye gunia, na si ya juu waliyoipanga, bali ya katikati. Anaivunja. Anasikiliza inavyolia, anatazama moyo wake. Ikiwa mbovu, anaondoka hata kama mwenye gunia ni shemeji.

Na akaongeza jambo la pili: hela yote haikai mahali pamoja tena. Ya mzunguko iko benki, ya dharura ya asubuhi iko kwenye simu, ya akiba iko kwenye kikoba cha mama. Njia moja ikiziba, gari linaondoka.

Huyo ni mwanamke aliyeishia darasa la saba. Mimi nina shahada, nina kitambulisho cha mwandishi, nimekula sambusa za benki karibu zote mjini, na ndiye niliyemwuzia gunia la karoti mbovu kwa sababu bango lilikuwa zuri.

Kwa hiyo ndugu zangu tulioko mijini, siku nyingine mtu wa nyumbani akipiga simu kuuliza habari za benki, tumeze kwanza mate. Tumwulize: unalipwa saa ngapi? Unalipa saa ngapi? Uko wapi wakati huo? Tukishindwa kuuliza hayo, heri tuseme "sijui".

Na ninyi mabosi wa benki, najua baadhi yenu mnanisoma. Mkizindua akaunti nyingine ya wajasiriamali, msinialike hotelini. Twendeni Lukozi, Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mkiwa mmevaa makoti. Chai nitanunua mimi. Mtasimama pale pembeni ya Fuso, mbele ya watu waliokaa juu ya magunia, halafu mtamwambia mmoja wao kwa sauti kwamba hela yake ipo ila aje Jumatatu.

Nawasilisha.